Kuanza kusoma na kuandika Kijapani ukiwa Goma

Karakana yetu iko Birere. Magari mengi tunayotengeneza yalitumika kwanza Japani: usukani uko kulia, na vibandiko vya kule bado vimeganda ndani. Kwa miaka niliviona kama mapambo. Siku moja shofa wa basi dogo alinionyesha maandishi mekundu juu ya mlango wa nyuma: 非常口. "Fundi, hii imeandikwa nini?" Sikujua. Ni mlango wa dharura, na gari lile lilikuwa linabeba watu kila siku. Jioni ile nilinunua kaye.

Nunua kaye ya hesabu, yenye vyumba vya mraba, na penseli badala ya biki. Kila alama ikae katika chumba chake.

Kijapani huchanganya maandishi ya aina tatu. Hiragana ina alama 46 za msingi, nayo huandika maneno ya kawaida na viungo vya sarufi. Katakana ina 46 nyingine za sauti zilezile, hasa kwa maneno yaliyotoka nje. Kanji zilitoka China na hubeba maana. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida, tangu 2010, ina 2,136. Kanji zisubiri. Anza na hiragana.

Hapa mdomo wako tayari unajua kazi. Karibu kila alama ni silabi nzima inayoishia kwa vokali, kama tulivyoimba ba, be, bi, bo, bu darasani. Vokali ni tano zetu zilezile, ila zimepangwa a, i, u, e, o: あ い う え お. Kisha か き く け こ: ka, ki, ku, ke, ko. Jifunze tano kwa siku, na kabla ya kuongeza mpya, andika za jana bila kuchungulia. Ukiweka vistari viwili juu ya か (ka) inakuwa が (ga). は (ha) inakuwa ば (ba), na ukiweka kaduara badala ya vistari, ぱ (pa). Kwa hiyo alama nyingi zinazobaki unazipata bila kukariri umbo jipya.

Alama ん ndiyo niliyoipenda zaidi. Inasimama peke yake na kuchukua pigo lake, kama "n" ya "nchi". Sisi tunasema Ko-ngo, mapigo mawili. Wao wanasema ko-n-go, matatu: コンゴ. Piga meza kwa kidole unaposoma, utasikia.

Urefu wa vokali pia usiupuuze. Sisi tunajua kufa si kufaa. Kwao おばさん, obasan, ni shangazi au mama wa makamo; おばあさん, obaasan, ni bibi. Na っ ndogo ni kimya kifupi kabla ya konsonanti: きて, kite, ni "njoo", lakini きって, kitte, ni stempu.

Acha mapema kuandika matamshi kwa herufi zetu chini ya kila alama. Mimi nilifanya hivyo wiki tatu, na jicho langu lilikuwa linakimbilia chini kila mara. Niliposugua yote kwa raba, ndipo nikaanza kusoma kweli.

Kwenye katakana, mkono unasaidia kuliko macho. シ (shi) na ツ (tsu) zinafanana mno, vilevile ン (n) na ソ (so). Tofauti iko katika mwendo wa penseli: mstari mrefu wa シ na ン unapanda kutoka chini, ule wa ツ na ソ unashuka kutoka juu. Ndiyo maana mpangilio wa mistari lazima uufuate tangu siku ya kwanza. Zoezi langu lilikuwa kusoma magari barabarani: トヨタ, to-yo-ta. Halafu andika mji wetu: ゴマ. Nilipotafuta neno hilo nikakuta goma kwao ni ufuta, nikafurahi siku nzima.

Mazoezi hayahitaji mega wala umeme. Pakua jedwali moja lenye mishale ya mistari, linakili kwa mkono, na simu uiweke pembeni.

Hiragana ikishatulia, ingia kanji kwa zile unazoishi nazo. 山, yama, mlima: mistari mitatu, wa kati na mrefu kwanza. 火, hi, moto: minne, anza na vidoti viwili vya pembeni, kushoto kisha kulia, halafu miguu miwili. Ziweke pamoja, moto kwanza: 火山. Zikiwa pamoja usomaji wake hubadilika, kazan, volkano. Niliiandika mara ya kwanza nikiwa nimekaa juu ya jiwe jeusi la mlipuko wa 2002 nyuma ya karakana, volkano yetu Nyiragongo ikionekana, na tangu hapo sijawahi kuisahau.