Ukigawa viazi, gawa na marando

Wenye shamba darasa la kusaidia kaya zisizojiweza, neno moja. Kiroba cha viazi vitamu mnachompa mama leo, kesho kutwa kimekwisha. Mpeni na marando, yaani mashina ya kupandia, hasa ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A.

Shida ni kiangazi: marando yote hukauka, mvua ikinyesha hamna cha kupanda. Sisi tulinunua mbegu misimu miwili mfululizo, hasara tupu. Dawa yake ni mchanga. Mkivuna, chagueni viazi vidogo vidogo visivyo na kidonda wala tundu la fukusi, mdudu anayetoboa viazi (hata tundu likiwa kama ncha ya pini, usikionee huruma kiazi hicho). Tandaza mchanga mkavu kwenye beseni, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Weka ndani penye ubaridi, panya wasifike. Usimwagilie.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua vitoe, vitakuwa vimechipua. Panda viazi hivyo bustanini karibu na maji, umwagilie, uzungushie miiba maana mbuzi hawana adabu. Mvua ikianza, kata marando ya sentimita 30 hivi kutoka upande wa ncha. Shinani ndiko fukusi hujificha.

Majani machanga msiyatupe, matembele ni mboga. Ila yale mashina mnayotegemea kugawa, msiyachume hovyo.