Jinsi ya Kuhifadhi Mafaili ya FLA ya Katuni

Anayepokea diski yenye kazi za studio ya katuni hapa Dodoma asianze kwa kufungua mafaili; kwanza anakili kila kitu kama kilivyo, kisha akokotoe alama ya SHA-256 ya kila faili (msimbo unaobadilika faili likibadilika hata kidogo) na kuiandika kwenye rejista.

Kazi kubwa iko kwenye FLA, faili la kazi la programu ya katuni ya Flash lenye tabaka, michoro na mpangilio wa muda, kwani SWF ni zao lake tu la kutazamwa. FLA za kabla ya Flash CS5, iliyotoka mwaka 2010, ziko katika umbizo la kibainari lisilosomeka kirahisi bila programu yenyewe, ilhali zile zilizofuata kwa kawaida ni kifurushi cha ZIP chenye XML (maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio), ambacho hata asiye na programu hiyo anaweza kukifungua na kukisoma. Kwa hiyo andika toleo la programu na fonti zilizotumika, na ukiweza utunze pia kompyuta ya zamani pamoja na leseni yake, jambo ambalo wengi hulidharau hadi siku wanapolihitaji.

Ukihamishia faili kwenye toleo jipya, lihifadhi kwa jina jingine. Nakala moja ikae nje ya jengo, Singida kwa mfano.