Ufugaji wa Panya Buku Dar es Salaam: Mbegu, Banda na Uzazi

Mtu anayekusudia kufuga panya buku jijini Dar es Salaam aanze na suala la mbegu, yaani mahali walikotoka wanyama wa kwanza atakaowaweka bandani, kwa sababu banda zuri na chakula kizuri haviwezi kurekebisha kosa lililofanyika hapo. Panya mkubwa aliyenaswa kwenye mtaro wa Kariakoo au karibu na dampo la Pugu Kinyamwezi huenda asiwe panya buku kabisa, bali panya wa mjini aliyenenepa kwa mabaki ya chakula. Panya buku halisi akikomaa huwa na uzito wa kilo moja hadi moja na nusu, ana mifuko ndani ya mashavu ya kubebea chakula, na mkia wake ni mrefu, sehemu ya mwishoni ikiwa nyeupe.

Hata akiwa ndiye, panya wa mtaroni hafai kuwa mbegu. Umri wake haujulikani, hukataa kushikwa, na huweza kubeba vimelea vya homa ya mgunda, ugonjwa uliowasumbua watu wa Mkoa wa Lindi mwaka 2022, ambao huenezwa kwa mkojo wa wanyama wakiwamo panya. Mwaka 2003 nchini Marekani, watu 47 walithibitishwa au kudhaniwa kuugua mpox baada ya panya buku na wanyama wengine wagugunaji kuingizwa kutoka Ghana kwa ajili ya biashara na kuwekwa karibu na wanyama wa kufugwa nyumbani. Kwa hiyo tafuta wanyama waliozaliwa bandani, wenye umri unaojulikana, na uwatenge kwa wiki kadhaa kabla ya kuwachanganya na wengine. Kabla ya hayo yote, fika ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) kuuliza kuhusu kibali, kwa kuwa wanyamapori wa nchi hii wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, kisha muone afisa mifugo wa kata yako kuhusu sheria ndogo za manispaa.

Ni vema pia kuwa mkweli kuhusu soko. Afrika Magharibi mnyama huyu huliwa na hufugwa kwa ajili ya nyama, lakini Dar es Salaam hakuna soko lililozoeleka. Shirika la APOPO, lenye makao yake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutumia panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kutambua kifua kikuu katika makohozi, yakiwamo yanayotoka vituo vya afya vya Dar es Salaam, ila huzalisha panya wake lenyewe. Ushauri wangu ni kuanza na jozi mbili au tatu kwa nia ya kujifunza, bila kukopa fedha.

Banda la pwani lipigane kwanza na joto na unyevu. Makuti hupoza vizuri, lakini huwa maficho ya panya wa nje, ambao huleta viroboto na magonjwa. Afadhali bati lililowekewa dari, chini ya kivuli cha mti, na kuta zilizo wazi upande wa juu kwa wavu ili upepo upite. Vizimba viinuliwe juu ya sakafu, hasa kwa wakazi wa mabondeni kama Jangwani na maeneo mengine ya Msimbazi, ambako maji ya masika huingia majumbani yakiwa yamechanganyika na uchafu wa kila namna. Kizimba cha jozi moja kiwe na urefu wa angalau mita moja na upana wa nusu mita, kijengwe kwa waya mnene wa chuma wenye matundu madogo, kwani mbao na waya mwembamba wa kuku hutafunwa. Ndani weka chungu cha udongo chenye mdomo mpana kiwe kiota, maranda makavu au nyasi kavu, na kipande cha mti mgumu cha kuguguna, maana meno ya mbele ya panya hayaachi kukua.

Chakula hakina ugumu mkubwa. Mahindi, karanga, viazi vitamu, ndizi, nyanya na dagaa waliokaushwa vizuri hutosheleza mahitaji mengi, mradi karanga na mahindi visiwe na ukungu, tatizo ambalo unyevu wa Dar es Salaam hulileta haraka sana ghalani. Lisha jioni, kwa sababu mnyama huyu huamka usiku, na asubuhi kagua kiotani uondoe chakula alichokificha kabla hakijaoza. Maji safi yawepo wakati wote.

Uzazi ndio unaowashinda wengi, na hapa subira ina thamani kuliko fedha. Panya buku hukomaa akiwa na umri wa takriban miezi mitano au sita, lakini kukomaa si sawa na kuwa tayari kupandwa. Imeonekana kwamba majike kadhaa wazima hukaa muda mrefu njia yao ya uzazi ikiwa imezibwa na ngozi, hivyo dume hawezi kuwapanda hata kidogo. Mfugaji asiyejua hilo humlaumu dume, humbadilisha, na bado hapati kitu. Kagua jike kwa upole kabla ya kumpeleka kwa dume, na ukimkuta amefunga, mrudishe umkague tena baada ya wiki chache. Weka vizimba vya dume na jike ubavu kwa ubavu kwa siku kadhaa, ubadilishane maranda yao ili kila mmoja azoee harufu ya mwenzake, ndipo uwakutanishe jioni katika kizimba ambacho si cha yeyote kati yao, nawe ukiwepo. Wakipigana hadi kutoka damu, watenganishe mara moja, usingoje wazoeane.

Mimba huchukua takriban mwezi mmoja, na jike huzaa mtoto mmoja hadi watano. Mwondoe dume kabla ya kuzaa, mpe jike nyasi kavu za kutosha, kisha usifungue chungu kwa siku za mwanzo, kwa kuwa mama aliyeshtushwa huweza kuwaua watoto wake. Macho ya watoto hufunguka baada ya takriban wiki tatu, na kuanzia hapo washike kila siku kwa muda mfupi, ukiwabeba kwa kiganja chini ya kifua na miguu ya nyuma, kamwe si kwa mkia. Waachishe ziwa wakifikia wiki tano hivi, na utenganishe madume na majike mapema. Andika tarehe ya kuzaliwa na wazazi wa kila mmoja, ili ndugu wasipandane.

Vaa glavu na viatu vilivyofungwa wakati wa kusafisha, lowesha maranda yenye mkojo kwa maji ya dawa kabla ya kuyaondoa ili vumbi lisiruke, na mtu mwenye kidonda mkononi asifanye kazi hiyo. Mtu wa nyumbani akipata homa kali na maumivu ya misuli, aende kituo cha afya na amweleze mganga kwamba kuna panya wanaofugwa.

Ukiamua kuacha ufugaji, usiwafungulie. Huko Florida, panya buku waliotoroka kwa mfugaji mmoja katika kisiwa cha Grassy Key mwishoni mwa miaka ya 1990 walizaliana, na serikali ikalazimika kuwasaka kwa miaka mingi. Mpe taarifa afisa mifugo, na wanyama wako wapelekwe kwa mfugaji mwenye kibali au wamalizwe na mtaalamu bila mateso.