Kabla Mtoto Hajatundikiwa Dripu

"Usipokunywa uji nitamwita daktari akuchome sindano." Nani hajawahi kuyasikia haya? Mtoto aliyekuzwa na kitisho hicho akifika wodini na kumwona nesi amebeba trei, anaona adhabu aliyoahidiwa imewadia. Atapiga mayowe kabla hata hajaguswa. Kwa hiyo la kwanza ni kuacha kauli hiyo, tena mapema, wakati mtoto bado mzima.

La pili, usimwambie haitauma. Itauma kidogo, naye akigundua umemdanganya, safari ijayo hutamshika. Mwambie atahisi kama kufinywa, kisha kutaisha. Mkubwa aambiwe siku moja kabla. Wa miaka mitatu, dakika chache zinatosha. Mweleze pia jambo ambalo hata wazazi wengi hawalijui: sindano haibaki mkononi. Kanula ni mrija laini wa plastiki uliovishwa juu ya sindano. Mshipa ukipatikana, damu huonekana kwa nyuma, mrija unasukumwa ndani, sindano inachomolewa na kutupwa. Nimewaona watoto wakikakamaza mkono siku nzima, hata kijiko hawashiki, wakidhani chuma bado kimo ndani.

Ulizia dawa ya ganzi ya kupaka. Iliyozoeleka ina lidokeini na prilokeini. Hupakwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, pale atakapochomwa, ikafunikwa kwa plasta ya nailoni, na huhitaji kama dakika 60. Hapo ndipo inapoharibika: inapakwa, dakika kumi baadaye mtoto anachomwa, halafu watu wanasema dawa haifai. Ni vizuri ipakwe sehemu mbili, maana mshipa wa kwanza unaweza kugoma. Ngozi ikipauka na mshipa ukasinyaa, nesi huifuta na kusubiri kidogo. Ila usijinunulie dukani ukapaka mwenyewe. Kwa watoto wachanga, na kwa anayetumia dawa kama kotrimoksazoli au dapsoni, inaweza kupunguza uwezo wa damu kubeba oksijeni, hivyo wataje wahudumu dawa zote anazomeza. Na dharura haisubiri: mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria kali, au aliyekaukiwa sana maji kwa kuhara, atundikiwe hapo hapo.

Mchanga anayenyonya ana ganzi yake. Kama hajazuiwa kula, mpe ziwa kabla ya kuchomwa na aendelee kunyonya wakati anachomwa. Baadhi ya hospitali humdondoshea mtoto maji ya sukari ulimini dakika mbili kabla. Hayo waachie wao kuyapima. Asali asipewe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja.

Mkono wenye baridi huficha mishipa. Uzungushie kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu, ukipime kwanza kwenye kifundo cha mkono wako. Anayeruhusiwa kunywa, anywe maji. Anayesubiri upasuaji, uliza kwanza. Sema ananyonya kidole gumba cha mkono gani na anaandikia upi, ili kanula iwekwe upande mwingine ikiwezekana. Kwa mtoto wa selimundu (sickle cell) aliyekwisha kuchomwa mara nyingi, mzazi ndiye ramani. "Sista, wa kushoto huu, karibu na kiwiko, ndio uliokubali mara ya mwisho." Na nesi akikosa mshipa mara mbili, si utovu wa adabu kuomba mwenzake mzoefu ajaribu.

Kuna suala la kushikwa. Mtoto anayelazwa chali, watu watatu wakamkandamiza, huogopa zaidi ya kinachomuuma. Omba umpakate: kifua kwa kifua, miguu yake ikizunguka kiuno chako, mkono mmoja ukipita chini ya kwapa lako hadi kwa nesi aliye nyuma yako. Mkono huo ushikwe imara, wewe ukimkumbatia. Hilo lipangwe kabla trei haijafunguliwa. Mpe na kazi: kupuliza mapovu ya sabuni, kuangalia katuni kwenye simu, au kupuliza kidole chako "kama mshumaa" na kuvuta pumzi tena. Achague yeye, usimlazimishe kugeuka, wapo wanaotulia wakitazama.

Na "pole"? Sisi hutoa pole hata mtu akijikwaa. Lakini "pole, pole, pole mwanangu" mfululizo sindano ikiingia humwambia kwamba jambo baya linatendeka. Mhesabie, mwimbie, mkumbushe apulize. Pole itunze hadi plasta ibandikwe.

Dripu ikishaanza, pachungulie pale kanula ilipo. Pakivimba, pakiwa pekundu, au akilia kila dawa inapopita, mwite nesi. Usingoje raundi ya asubuhi. Siku ya kuitoa, wengi huililia plasta kuliko walivyoililia sindano. Ilowanishwe kwanza, ibanduliwe polepole, na mwache yeye mwenyewe aanze kuinua ukingo.