Kuweka Kodi kwenye Raspberry Pi 4: kuanzia chaja hadi rimoti ya TV

Tunatumia LibreELEC, mfumo mdogo uliotengenezwa kwa kazi moja tu ya kuendesha Kodi, programu ya kutazamia filamu zako kwenye TV. Hauna desktopu wala brauza, na ndiyo maana unaenda vizuri kwenye Raspberry Pi, kompyuta ya kiubao kidogo.

Vifaa

Chukua Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2. GB 4 au 8 hazitaongeza kitu kwenye kazi hii. Pi 5 ina nguvu zaidi, lakini iliondolewa saketi ya kufungua video za aina ya H.264, ambazo ndizo nyingi kwenye madiski ya watu. Inazifungua kwa prosesa, na inapata joto. Kama unayo tayari itumie, ila usiinunue kwa ajili ya filamu tu.

Kadi ya microSD ya GB 16 au 32 kutoka duka unaloliamini inatosha. Waya wa HDMI uwe na kichwa cha *micro*. Cha *mini*, kinachotumika kwenye Pi Zero, ni kikubwa na hakiingii.

Kisha chaja, na hapa ndipo wengi wanapochemsha. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampia 3 kwa USB-C. Chaja ya simu iliyoandikwa "fast charge" haisaidii: wati zake nyingi hutoka kwa volti 9 au 12, ambazo Pi haiombi, na kwenye volti 5 mara nyingi inaishia ampia 2. Waya mwembamba nao unakula volti njiani. Matokeo yake TV inaonyesha alama ya radi, picha inakatakata, diski inajitoa yenyewe, na mtu anailaumu Kodi bure.

Hatua ya 1: andika kadi

Kwenye laptopu fungua Raspberry Pi Imager, chagua Raspberry Pi 4, ingia kundi la "Media player OS", halafu LibreELEC. Hakikisha umechagua kadi, si flashi yenye kazi zako, kwa sababu kila kitu kitafutwa.

Hatua ya 2: washa

Chomeka HDMI kwenye tundu lililo karibu na tundu la umeme. Washa TV kwanza, kisha Pi. Mara ya kwanza itatanua nafasi ya kadi na kujizima na kujiwasha yenyewe, usichomoe. Kwenye maswali ya mwanzo washa SSH (njia ya kuiandikia Pi amri kutoka laptopu) na Samba (njia ya kufungua folda zake kupitia mtandao), na ubadilishe pasiwedi ya SSH hapohapo, maana ile ya kiwandani, *libreelec*, inajulikana na kila mtu.

Rimoti ya TV kwa kawaida itafanya kazi bila kununua kingine. Isipoitikia, tafuta kwenye menyu ya TV HDMI-CEC, inayopitisha amri za rimoti kwenye waya wa HDMI: Samsung wanaiita Anynet+, LG Simplink, Sony Bravia Sync. Iwashe.

Hatua ya 3: diski na mtandao

Matundu yote manne ya USB yanagawana ampia 1.2. Diski ndogo ya inchi 2.5 moja inaweza kupita, mbili hapana; tumia habu yenye umeme wake. Ile ya inchi 3.5 lazima iwe na adapta yake. Diski zilizofomatiwa kwa NTFS au exFAT zote zinasomeka.

Jambo linalowasumbua watu bila kujua chanzo: diski ikiwa kwenye tundu la bluu, yaani USB 3, inatoa kelele za redio zinazovuruga wifi ya GHz 2.4. Ukiona wifi imelegea pale tu diski inapochomekwa, hamia GHz 5 au vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta.

Hatua ya 4: majina ya faili

Kila filamu iwe na folda yake yenye jina na mwaka, mfano `Jina la Filamu (2019)`. Tamthilia ziandikwe `S01E02`. Sabtaitoli iwe na jina lilelile la video, ikiishia `.srt`. Ukikosa mwaka, Kodi inaweza kukuletea picha na maelezo ya filamu nyingine yenye jina kama hilo.

Hatua ya 5: picha isigugume

Kwenye Settings panda ngazi hadi Expert. Ingia Player, Videos, "Adjust display refresh rate", weka "On start/stop". Filamu nyingi zina fremu 24 kwa sekunde. TV ikibaki kwenye 60, kamera inapogeuka taratibu utaona picha inaruka-ruka. Kwa TV ya 4K, acha menyu kwenye 1080p na uruhusu 4K kwenye Whitelist (orodha ya ukubwa wa picha unaoruhusiwa), chini ya System, Display.

Ikileta shida

Video inaganda? Chomeka kibodi, bonyeza herufi O ikiwa inacheza, tazama mstari wa dekoda, yaani kinachofungua video. (HW) maana yake saketi ya video inafanya kazi. (SW) maana yake prosesa ndiyo inayohangaika. Kwa saketi yake Pi 4 inafungua HEVC (H.265) hadi 4K na H.264 hadi 1080p. Video za AV1 na H.264 ya biti 10 hazina saketi yake, kwa hiyo tafuta nakala nyingine.

Unashuku umeme? Ingia kwa SSH kama root (mtumiaji mkuu), andika `vcgencmd get_throttled`. `0x0` ni salama. `0x50000` inasema volti zilishuka tangu ulipowasha. `0x50005`, zimeshuka sasa hivi.

Kioo cheusi ukiwasha Pi kabla ya TV: TV ikiwa imewaka, ingia kwa SSH, andika `getedid create`, kisha `reboot`. Pi itakariri taarifa za TV hiyo. Ukibadilisha TV, andika `getedid delete` na `reboot`, kisha rudia.

Zima kwa menyu, subiri taa ya kijani iache kumetameta ndipo uzime swichi ya ukutani. Nyekundu itabaki inawaka. Umeme ukikatika ghafla, mfumo wenyewe kwa kawaida hupona kwa sababu husomwa tu, hauandikwi. Kinachoharibika ni data ya maktaba. Kwa hiyo ukimaliza kupanga, ingia LibreELEC, System, tengeneza bakapu, kisha ukopi faili lake kutoka folda ya Backup, kupitia Samba, hadi kwenye laptopu. Bakapu iliyobaki kwenye kadi hiyohiyo itakufa nayo.