Anasoma au anaimba? Kumpima mtoto wa darasa la kwanza

Wiki iliyopita nilikaa na mwalimu mgeni hapa Tandahimba, mkoani Mtwara, kakabidhiwa darasa la kwanza lenye watoto 80. Niliyomwambia ndiyo haya.

Hatua ya 1. Irabu, kisha silabi. Hili unalijua, tusonge.

Hatua ya 2. Kata maboksi ya sabuni, silabi moja kila kadi. Wapo wanaopenda visoda. Mimi sivitaki: wa dawati la nyuma haoni kitu, na ikifika mchana visoda vyote vimehamia kwenye drafti.

Hatua ya 3. Hapa ndipo nilipopoteza muhula mzima. Darasa langu lilikuwa likisoma ubaoni "Bibi anabangua korosho" kwa sauti moja, tamu. Siku moja nikafuta "Bibi", nikaandika "Babu". Mtoto niliyemwita akashika fimbo, akagusa neno baada ya neno, macho yakiwa kwa mbuzi aliyesimama mlangoni: "Bibi... anabangua... korosho." Kumbe walikuwa wanaimba.

Basi mwite mmoja mmoja mezani kwako. Si mbele ya darasa. Wenzake wakimcheka leo, kesho hafungui mdomo. Ukiwapima watano kwa siku, 80 wanaisha kwa siku 16 za shule. Chukua sentensi wanayoijua, ubadilishe neno moja, ufunike picha. Usibadilishe la mwanzo kila mara, watakushtukia. "Anabangua" iwe "anabeba". Ila sentensi ibaki na maana. Ukiandika "Babu anabeba bahari" unamzoesha kusoma bila kufikiri. Akikwama, usimtajie neno, mpe kadi a-na-be-ba aziunganishe mwenyewe. Akisoma "kolosho", mwache kwanza: Kimakonde cha nyumbani hakina r, na jicho lake limesoma sawasawa. Lakini "ng'ombe" akiisoma kwa ng ya "ngoma", msimamishe. Sauti anayo tangu nyumbani. Ritifaa, ile alama ya ' baada ya ng, ndiyo hajaiona.

Hatua ya 4. Uliza swali ambalo jibu lake halikuandikwa. "Babu anachoma korosho nje." Kwa nini nje? Hakuna neno "moshi" hapo, lakini mtoto wa huku atakwambia moshi wake unawasha macho, na mafuta ya ganda yanababua ngozi. Mmoja alinyoosha mkono kunionyesha kovu.