Kuchagua kisu cha kukunja cha kuchongea: vinne nilivyovipima kwa ajili ya mpwa wangu

Mwezi wa tatu mpwa wangu wa Pangani alinitumia ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Nimeanza kuchonga. Ukija likizo niletee kisu cha kukunja, kile kinachokata kweli. Ila usitumie hela nyingi, mjomba." Nilimwuliza anachonga nini. Miko, akasema, na mipini ya pawa. Jibu hilo lilinitosha, maana kazi hiyohiyo ndiyo niliyokua nikimwona marehemu baba akiifanya barazani baada ya alasiri, kwa kisu ambacho mhunzi alikifua kutokana na springi ya gari, mpini wake umekazwa kwa waya.

Naishi Wuppertal, Ujerumani, jirani kabisa na Solingen, mji wa visu. Wembe wa baba ulikuwa umeandikwa "Solingen", na nikiwa mdogo nilidhani ni jina la mwenye kiwanda. Kumbe ni mji, na jina lake linalindwa na sheria: kisu kilichotengenezwa kwingine hakiruhusiwi kulibeba. Kwa hiyo nilikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Nilinunua visu vinne vya kukunja vya mtindo wa zamani, vyote vya feleji ya kaboni, hakuna hata kimoja kilichozidi yuro 40, nikachonga navyo kila Jumapili kwa miezi miwili. Nitaeleza nilichokiona, na zaidi nitaeleza namna ya kupima, kwa sababu huenda visu vilivyopo dukani kwako si hivi.

Kwanza tuelewane kuhusu chuma. Kisu kisichoshika kutu kimechanganywa na kromu, kwa kawaida kuanzia kama asilimia 10.5 kwenda juu. Kromu inazuia kutu, lakini sehemu yake hushikamana na kaboni na kufanya chembe ngumu ndani ya chuma, na chembe hizo ndizo zinazokusumbua unaponoa kwa jiwe la kawaida. Feleji ya kaboni haina kromu nyingi kiasi hicho. Inashika kutu, ndiyo, ila inakubali kinoo haraka, na ukingo wake unaweza kuwa mwembamba sana. Mchongaji ananoa mara nyingi kuliko mpishi. Anayechonga saa tatu atagusa jiwe au ngozi mara tano, sita. Kisu kinachokubali kunolewa kwa dakika mbili kina thamani kuliko kile kinachokaa na makali wiki nzima kisha kikala nusu siku yako. Ile springi ya baba ilikuwa ya ukoo huohuo.

Vipimo

Wengi hupima kisu kwa kunyoa vinyweleo vya mkono au kukata karatasi. Kipimo hicho kinakuonyesha kazi ya aliyekinoa mara ya mwisho. Kuhusu kisu chenyewe hakisemi kitu. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha chochote, noa visu vyote wewe mwenyewe, kwa jiwe moja, kwa pembe ileile.

Kisha tafuta mti mmoja na uukate vipande sawa. Huku natumia mti uitwao Linde, mwepesi, wenye nyuzi tulivu. Nyumbani ningetumia mwembe mbichi, au tawi la mfenesi. Mti mbichi unachongeka kirahisi kuliko mkavu, ila kwa kulinganisha visu usichanganye: vyote mbichi au vyote vikavu.

Kazi ya kwanza ni kuvuta maganda marefu kwa kufuata nyuzi. Kisu chembamba kinateleza na ganda linajikunja kama utepe. Kisu kinene mgongoni kinapasua mti mbele ya makali, na unasikia kabisa ule mlio wa kupasuka. Kazi ya pili ni kukata kichwa cha kijiti, kukatisha nyuzi. Hapo tazama uso uliobaki: ukiwa laini na unang'aa, makali yapo, ukiwa na vumbi jeupe na nyuzi zilizolala, mti umepondwa. Kazi ya tatu ni shingo ya mwiko, pale mpini unapokutana na kichwa. Ni mahali pa kugeuza mkono, na ndipo utakapojua ncha inafika au inakwama.

Halafu kuna kipimo ambacho dukani hakiwezekani: chonga nusu saa bila kusimama, weka kisu chini, tazama kiganja. Mstari mwekundu ni jibu. Lengelenge ni jibu kubwa zaidi. Nimeona watu wakibishana kuhusu aina za feleji mpaka usiku, na kisu wanachokisifu kinalala kwenye droo kwa sababu kinauma mkono.

Mwisho kabisa, kihesabie muda wa kurudisha makali baada ya hiyo nusu saa.

Visu vyenyewe

Opinel namba 8 ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Nilikipata kwa yuro 13. Kinatoka Savoie, milima ya Ufaransa inayopakana na Italia, ambako Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890. Kwenye bapa, yaani kile chuma kinachokata, utaona mkono uliovishwa taji. Tazama pia maandishi: CARBONE ni cha kaboni, INOX ni kile kisichoshika kutu. Maduka mengi huvichanganya kwenye kisanduku kimoja, kwa hiyo soma kabla ya kulipa. Bapa lina urefu wa sentimita 8.5 na ni jembamba. Katika maganda marefu hakuna kilichokishinda. Mpini ni wa mbao, mnene katikati, wa mviringo, na kiganja changu hakikulalamika hata baada ya saa nzima. Shingoni kuna pete ya chuma iliyoongezwa mwaka 1955: ukiizungusha, kisu hakiwezi kujikunja. Usichonge hata ganda moja kabla ya kuizungusha.

Kina udhaifu wake. Mpini ukinywa unyevu huvimba, na kisu hukwama ndani kisitoke. Watu wa Savoie hugonga kisigino cha mpini kwenye meza ili bapa lichomoze, na mbinu hiyo inafanya kazi. Tena bapa jembamba halitaki kupindwa. Usilitumie kubanjua. Mimi nilivunja ncha ya kisu kimoja cha namna hiyo nikichokoa fundo la mti. Ikanibidi niisage upya kwenye jiwe jioni nzima. Kwa mkono mdogo, namba 7 yenye bapa la sentimita 8 inatosha kabisa.

Cha pili ni Mercator cha Solingen, chenye paka anayeruka kwenye mpini mweusi. Nilikitamani kwa sababu ya ujirani. Mpini wake ni bati la chuma lililokunjwa, mwembamba, unakaa mfukoni kama kitana. Bapa ni imara, na kufuli la mgongoni linashika kweli. Kwenye kukatisha nyuzi kilifanya vizuri. Lakini baada ya dakika ishirini kingo za lile bati zilinichora mstari mwekundu kuanzia kidole cha shahada hadi kwenye kiganja. Nilizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli na hali ikawa nzuri zaidi, ila sasa hakiingii tena mfukoni kwa raha. Ni kisu kizuri cha kukata kamba, tunda na tawi. Kwa kuchonga siku nzima, hapana.

Cha tatu kinatoka Miki, mji wa Japani katika mkoa wa Hyogo, na jina lake ni higonokami, maana yake "bwana wa Higo", jimbo la kale la Japani. Zamani watoto wa shule wa Japani walikuwa navyo kwa kuchongea penseli, mpaka miaka ya 1960 ilipoanza kampeni ya kuwaondolea watoto visu. Hiki ndicho kilichonishangaza. Makali yamenyooka kama rula, na pande zake zimesagwa zikawa tambarare mpaka ukingoni, kwa hiyo unaponoa huhitaji kukisia pembe: laza upande wote juu ya jiwe, sukuma, geuza. Changu kina feleji ngumu katikati na chuma laini ubavuni, na jiwe linaila ile laini upesi. Uso kilioacha kwenye kichwa cha kijiti ulikuwa kama umepakwa vanishi.

Ila hakina kufuli. Kuna kishikizo kidogo nyuma ya bapa unachokibana kwa dole gumba. Usipokibana, kisu kinaweza kujifunga juu ya vidole. Wiki ya pili nilisukuma kwa ncha huku dole gumba limehama, kikajikunja, nikashonwa nyuzi tatu kwenye kidole cha shahada. Kosa lilikuwa langu, kishikizo kipo kwa kazi hiyo. Lakini mtu anayeanza simpi kisu hiki, hata akiniomba mara saba.

Douk-Douk cha Thiers, Ufaransa, cha tangu mwaka 1929, nitakitaja kwa ufupi. Kina mchoro wa pepo wa visiwa vya Pasifiki kwenye mpini wa bati, na watu wa Afrika Kaskazini wanakijua sana. Springi yake ni ngumu mno kwa ukucha wangu, na ncha iliyojipinda juu haikunifaa shingoni mwa mwiko.

Walio Marekani wataniuliza kuhusu Case za Pennsylvania. Ni visu vizuri, na zile zenye alama ya CV ni za ukoo wa kaboni, ila bei yake inazidi mfuko ninaouzungumzia hapa. Kwenye minada ya vitu vya mtumba watafute Old Timer, visu vya kukunja vya kampuni ya Schrade, vya zamani vilivyotengenezwa Marekani kabla ya kiwanda chake kufungwa mwaka 2004.

Kunoa, na kutunza kikifika pwani

Jiwe lenye namba 1000 linatosha kwa makali yaliyochoka; la 400, lenye chembe kubwa zaidi, ni la makali yaliyomeguka. Lowesha jiwe. Kwa Opinel, inua mgongo wa kisu kiasi cha sarafu mbili za yuro moja zilizopandana, kisha sukuma kama unayetaka kumenya ngozi ya jiwe. Rudia upande mmoja mpaka uhisi unyuzi wa chuma umejitokeza upande wa pili. Upapase kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe usipitishe kidole kufuata makali. Ukishauhisi, geuza. Punguza nguvu kila unapogeuza. Malizia kwa kuvuta kisu kinyumenyume kwenye mkanda wa zamani wa ngozi, mara ishirini kila upande. Asiye na jiwe ageuze kikombe cha udongo: ule mduara wa kitako usiopakwa rangi unanoa vizuri.

Sasa kutu. Hewa ya Pangani ina chumvi, na kisu cha kaboni kikilala na jasho la mkono usiku mmoja, asubuhi kina madoa ya rangi ya chungwa. Kabla ya kukitumia, kikatie ndimu au embe bichi, au kiloweke dakika kumi kwenye siki, kisha kioshe. Kitakuwa cha kijivu. Usihuzunike na usikisugue. Utando huo wa kijivu unapunguza kasi ya kutu, ingawa hauizuii kabisa. Kila jioni kifute kikauke, kipake tone la mafuta ya nazi, na tone jingine pale bapa linapozungukia. Mafuta ya alizeti yataganda na kunata. Ya nazi hayanati, na mwiko utaingia chunguni bila wasiwasi. (Huku kwangu mafuta ya nazi huwa magumu kama mshumaa wakati wa baridi, nayasugua kwanza kiganjani.) Mpini wa Opinel ukianza kuvimba wakati wa masika, kunja msasa, upitishe ndani ya ufa mara kadhaa, kisha paka mafuta humo ndani.

Anayejijua kuwa hatafuta kisu, na anaishi karibu na bahari, achukue cha INOX. Atanoa kwa muda mrefu zaidi lakini atakuwa na kisu.

Kuhusu kusafiri: kisu kinakwenda kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege, si la mkononi. Walio Uingereza wajue kwamba kisu chenye kufuli, hata kidogo, hakiruhusiwi kutembea nacho hadharani bila sababu ya kueleweka. Ujerumani nayo ilikaza sheria mwaka 2024, hasa kwenye mikusanyiko na treni za masafa marefu, kwa hiyo changu nakifunga ndani ya mkoba na kukifungua nikifika.

Mpwa wangu nimemchukulia Opinel namba 8 ya kaboni. Nimeshainoa upya, nimeilaza kwenye kitambaa chenye mafuta ya nazi pamoja na nusu ya jiwe langu la 1000 na kipande cha mkanda. Nimemrekodia na ujumbe: akae kwenye kigoda, kazi iwe mbele ya magoti na si katikati ya mapaja ambako mishipa mikubwa ya damu inapita, na dole gumba la mkono ulioshika mti ndilo lisukume mgongo wa kisu, ganda fupi baada ya ganda fupi. Ile ya Japani nimeiacha kwangu. Nitampa atakaponionyesha mwiko ambao dada yangu anaupikia.